Mulama Yupi Alikwenda Burma?

Kariobangi, Nairobi
Jumapili, 6 Februari 1983

Kwako Baba Mkubwa Zedekiah Mulama,

Pokea salamu zangu, na umpe nusu Mama Asenath kabla hujazimaliza mwenyewe. Goti lake linaendeleaje? Huku tu wazima. Mume wangu Nalianya bado anakwenda kiwandani kwa miguu, na tangu Krismasi amemaliza soli za viatu jozi mbili. Kifungua mimba wetu aling'oka jino akalimeza, sasa analia kila mara anapokula akidhani litaota tumboni.

Ninaandika kwa Kiswahili kama ulivyoniagiza tangu nikiwa shuleni, kwamba mtu aliyekuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, haandikiwi kwa lugha nyingine.

Neno lililonifanya nishike kalamu ni hili. Lile sanduku la bati la marehemu Baba, ulilonipa baada ya mazishi mwaka jana, lilikatika bawaba. Nikalipeleka kwa Mzee Bedan Wanyoike, fundi wa masanduku hapa karibu na soko. Alipobandua magazeti yaliyogandishwa ndani ya kifuniko, ikaanguka picha. Yeye alikuwa anabishana na mteja, hakuiona. Niliiokota nikaitia kikapuni.

Ni kijana aliyevaa nguo za Keya, kaptura na kofia ya kuinamia upande mmoja, amesimama mbele ya pazia lililochorwa maua. Nyuma imeandikwa kwa penseli: Zedekiah Mulama, 1943. Lakini Baba Mkubwa, uso ule ni wa Baba.

Tulivyoambiwa siku zote ni kwamba wewe ulikwenda Burma, naye Baba, Gordon Ambaro, akakaa Kericho akichuma chai mpaka vita vikaisha. Naomba unieleze.

Ni mimi mtoto wako,
Selpher Kageha


Maragoli
21 Machi 1983

Mwanangu Selpher,

Barua yako ilifika salama, na kama jibu limechelewa ujue ni mambo ya hapa nyumbani. Ng'ombe yule mwekundu amezaa dume. Tulitaka jike. Bati la kanisa limeng'olewa na upepo likaanguka katika shamba la mzee wa kanisa ambaye ndiye aliyesema halihitaji misumari zaidi. Mvua imeanza. Mama Asenath anasema goti lake lilijua siku tatu mbele ya redio. Mwambie mtoto meno hayaoti tumboni. Mimi nimemeza mawili.

Nalianya ajaribu viatu vya matairi.

Kuhusu picha, huyo ni mimi. Ndugu hufanana wakiwa vijana. Irudishe kwa posta, usiikunje, na usiwasumbue watu kwa kuwaonyesha.

Baba yako mkubwa,
Zedekiah Mulama


Kariobangi
Jumapili ya Pasaka, 3 Aprili 1983

Baba Mkubwa mpendwa,

Heri ya Pasaka. Pole kwa bati na kwa ndama. Nalianya amenunua viatu vya matairi na sasa anasikika akitoka kwenye kona.

Nimeitazama tena ile picha mchana, mlangoni, penye mwanga. Kijana yule hana ncha ya sikio la kushoto. Baba ndiye aliyeng'atwa sikio na mbwa wa babu. Wewe masikio yako yote mawili yapo, namshukuru Mungu kwa hilo.

Sikuituma, na utanisamehe, kwa sababu jambo limetokea. Nilipokwenda kuchukua sanduku, Mzee Wanyoike aliniuliza marehemu alikuwa nani. Nikamwonyesha picha. Akavaa miwani, akaitazama, akaweka nyundo chini, kisha akakaa juu ya sanduku la watu ambalo rangi yake ilikuwa haijakauka.

"Hii iko Mulama," akasema. Akizungumzia jeshi hurudi kwenye Kiswahili chao cha Keya. "Hii mtu ilibeba mimi kwa machela siku nne, Burma. Sikio iko hivyo hivyo. Iko wapi?"

Kabla sijafikiri nikasema Zedekiah Mulama yuko Maragoli, mzima, mwenyekiti wa chama cha askari wa zamani. Mzee wa watu alilia, Baba Mkubwa. Alisimama na rangi ya kijani nyuma ya suruali akawatangazia mafundi wote kwamba Mulama yu hai na atakwenda kumwona.

Je, unamkumbuka?

Selpher


Maragoli
12 Aprili 1983

Mwanangu Selpher,

Barua yako imefika jana na leo ninajibu, kama unavyoona.

Kamera za wakati ule hazikuwa na nguvu. Mara nyingi hazikufika mwisho wa sikio.

Huyo mzee wako simkumbuki, tulibebana watu wengi. Mpe salamu, umwambie asije. Kwanza daraja limekwenda na maji. Pili kuku wote wa kijiji wana ugonjwa, na mgeni kama huyo hawezi kukaribishwa kwa mboga. Tatu goti la Mama Asenath. Nne mimi mwenyewe sauti imekauka, daktari amenikataza kuzungumza habari za vita mpaka mwaka ujao.

Usalimie watu wote.

Z. Mulama


Kariobangi
15 Mei 1983

Baba Mkubwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Nalianya ana zamu ya usiku na hulala mchana na taulo usoni. Mimi na cherehani yangu tunashona sare za shule kimyakimya.

Nilikutana na binti wa mzee wa kanisa hapa sokoni. Anasema daraja lipo. Anasema mlikula kuku Jumapili mbili mfululizo, na kwamba kwenye mazishi ya jirani ulisimulia kwa saa nzima jinsi ulivyoogelea mto wa Burma ukiwa umeuma bunduki kwa meno.

Baba Mkubwa, wewe huvuki Mto Edzava mpaka uzunguke darajani, hata kiangazi maji yanapofika kwenye kifundo cha mguu.

Nimemsikiliza Mzee Wanyoike mara nyingi sasa. Alipigwa risasi ya paja. Mulama alishika machela mbele, mwenzake nyuma, mvua ikinyesha siku zote nne. Ili asilale akafa, Mulama alimsimulia visa vya kwao. Anasema kuna kimoja kilimchekesha mpaka bendeji ikalegea, lakini hanisimulii mimi, anamwekea mwenyewe wacheke pamoja. Atakuja mwezi wa nane.

Sasa nitakuuliza bila kuzunguka. Nikiwa darasa la nne watoto waliniita binti wa mchuma chai. Wazee walipokaa kusikiliza habari zako, Baba alitumwa maji ya kunawa. Hata kwenye mazishi yake ulisema alikuwa mtu mpole asiyependa safari. Mimi nililia siku ile kwa mambo mawili, na moja lilikuwa aibu.

Nani alikwenda vitani?

Selpher


Maragoli
30 Juni 1983

Selpher,

Barua nimepata. Mahindi yamestawi.

Z.M.


Kariobangi
24 Julai 1983

Baba Mkubwa,

Nimefurahi kwa mahindi.

Mzee Wanyoike amenunua kofia mpya na tikiti ya basi. Tutafika pamoja Jumamosi tarehe 20 Agosti, kabla ya jua kuzama. Nitafurahi nikijua ninakuja kwa nani.

Selpher


Maragoli
2 Agosti 1983

Mwanangu mpendwa Selpher,

Mama Asenath amenikalisha mezani, ameweka kalamu mbele yangu, na amekaa mlangoni. Anasema sitaondoka mpaka niandike, na chakula kiko upande wake.

Ni baba yako aliyekwenda.

Mwaka 1942 chifu alipitisha orodha, kijana mmoja kila boma. Kwetu liliandikwa jina langu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimeshamposa Mama Asenath, na nilikuwa mwoga. Sikuwa mwoga kidogo. Waliposema askari wa chifu wanakuja niliingia ndani ya ghala la mahindi, nikajifukia mpaka shingoni, nikakaa humo siku mbili.

Siku ya pili Gordon alichungulia. Alikuwa na miaka kumi na saba. Akasema, "Kaka, toka. Mimi nitakwenda kwa jina lako. Wewe nenda Kericho kwa jina langu." Nikamwambia hapana. Nilisema mara moja tu, Selpher, tena si kwa nguvu.

Nilichuma chai miaka mitatu nikiitwa Gordon. Vita nilivyoviona ni vya siafu.

Aliporudi, karatasi yake ya jeshi ilikuwa na jina langu. Watu wakaja bomani kumpongeza Zedekiah, na Zedekiah ni mimi. Nilitaka kusema. Lakini mama yetu alikuwa amekwisha kupiga vigelegele, mzee mmoja akaniuliza huko kulikuwaje, nikajibu, "Kulikuwa na mvua." Wakaguna wote kwa heshima. Neno lile likazaa jingine.

Baba yako alicheka tu. Tukienda kupalilia alinirekebisha: "Jana umekosea, mto ule haukuwa na mamba." Habari zote nilizosimulia alinipa yeye shambani, isipokuwa ya bunduki na meno, hiyo ni yangu. Nilimwomba tuseme ukweli akanikataza. "Acha hivyo," akasema, "unasimulia vizuri kuliko mimi."

Kwa hiyo nilimlipa kwa njia nyingine. Shamba la mtoni lenye udongo mweusi nilimwachia yeye, ingawa mimi ndiye mkubwa. Ng'ombe akizaa jike nilimpelekea. Wewe nilikusomesha kabla ya wanangu. Miaka arobaini na moja sijakaa chini nikashiba bila kukumbuka kwamba mtoto alikwenda kufa badala yangu.

Ile sauti iliyokauka haikuwa ya daktari. Nimeogopa. Mtu yule akishuka kwenye basi atanitazama masikio.

Mama Asenath amesoma, anasema inatosha.

Zedekiah


Kariobangi
14 Agosti 1983

Baba Mkubwa,

Nilisoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Sitaandika yote ninayoyawaza kwa sababu mengine bado yanabadilika.

Watoto wote wawili wana surua. Siwezi kuja. Mzee Wanyoike atakuja peke yake. Sikumwambia kitu. Anadhani anakuja kumkumbatia mtu aliyembeba, na amejifunza salamu za Kimaragoli usiku na mchana. Utamwambia mwenyewe.

Atakuwa na kofia ya kahawia, anachechemea mguu wa kulia.

Selpher


Maragoli
28 Agosti 1983

Mwanangu Selpher,

Natumaini surua imeisha na watoto wanakula. Wapake majivu ya maganda ya ndizi, au usiwapake, Mama Asenath anasema hayo ni ya mbuzi.

Mgeni alifika. Nilikwenda kumngojea kituoni nikiwa nimevaa koti, nikalivua, nikalivaa. Basi likasimama akashuka yule mzee wa kofia ya kahawia. Akanipita. Akamuuliza muuza ndizi, "Zedekiah Mulama iko wapi?" Muuza ndizi akanionyesha kwa kidole. Akageuka, akanitazama kwanza sikio la kushoto, kama nilivyojua.

"Wewe hapana Mulama," akasema.

"Mulama ni mimi," nikasema, "lakini unayemtafuta siye mimi."

Nilimchukua moja kwa moja mpaka kwenye kaburi la baba yako, mizigo yake ikiwa begani kwangu. Hapo nikamwambia yote: orodha, ghala, majina, Kericho. Sikujipamba hata kidogo. Nilimaliza kwa kusema, "Ndugu yangu alijitoa kwa ajili ya woga wangu." Alivua kofia. Nikaona midomo yake inatikisika, nikadhani atanitukana, na nilikuwa tayari.

"Ghala?" akauliza.

"Ghala."

"Ya mahindi? Mpaka shingo?"

Nikasema mpaka shingo. Basi akaketi juu ya nyasi akaanza kucheka. Alicheka mpaka Mama Asenath akatoka jikoni kuona ni nani anayecheka makaburini. Alipopata pumzi akatusimulia kile kisa alichopewa kwenye machela, kile cha bendeji. Mulama alimwambia kuna jamaa mmoja wa kwao, mtoto wa miaka kumi na saba, alitaka jeshi kama mlevi anavyotaka pombe. Alitaka viatu, alitaka kupanda gari moshi, alitaka kuona bahari. Alikwenda kuandikishwa wakamfukuza mara mbili kwa umri. Basi jamaa akampelekea karani wa chifu kuku mmoja, akamwomba aandike jina la kaka yake. Alijua kaka ataingia ghalani. Alingoja siku mbili ili kaka alainike, kisha akaenda na uso wa huzuni kujitolea.

Mama Asenath ndiye aliyeelewa kwanza. Leso ilimwanguka kwa kicheko. Mimi nilielewa baadaye kidogo, na sikucheka.

Selpher, ni yeye aliyeniingiza ghalani! Kuku mwenyewe nilimkumbuka, alikuwa wa kwangu, mweupe, tulisema amechukuliwa na mwewe. Nilisimama pale nikamhutubia marehemu kwa sauti. Nikamdai shamba la mtoni. Nikamdai ndama wanne. Nikamwuliza alikuwa anaonaje, kila nilipompelekea mguu wa mbuzi, akiupokea na kusema, "Ah, kaka, usijisumbue." Majirani walikuja uani. Mzee Wanyoike akawaambia niko sawa, ninaongea na ndugu yangu tu.

Siku mbili sikumwongelesha mtu. Siku ya tatu nilikuwa ninakata majani ya ng'ombe, ikanijia sura yake akichungulia ghalani na ule uso wake wa huzuni, mahindi yamenifika kidevuni, na nikajikuta nimekaa chini kwenye majani ninacheka peke yangu machozi yakitoka. Nimemwona mtoto yule kwa mara ya kwanza. Miaka yote nilikuwa namwona kama mtu aliyekwenda kuchinjwa. Kumbe alikuwa anakimbilia gari moshi. Na nimemkosa kuliko siku tuliyomzika.

Lakini bado alibeba mtu siku nne kwenye mvua. Hilo halikuwa la ujanja.

Mzee Wanyoike alikaa wiki moja. Nimempa kuku wawili.

Baba yako mkubwa,
Zedekiah


Kariobangi
18 Septemba 1983

Baba Mkubwa mpendwa,

Watoto wamepona, wanakula kila kitu isipokuwa sukuma wiki. Kuku walifika hai. Mmoja amekwisha kutaga ndani ya sanduku la mteja.

Nilicheka, kisha nililia, kisha Nalianya akaamka akauliza nani amekufa. Nilifikiri nitakukasirikia mpaka mwisho wa mwaka. Lakini mlivyokuwa wawili nyinyi, sijui nimkasirikie nani kwanza.

Kuna jambo moja tu ninaliomba, na naliomba kwa nguvu. Novemba chifu atafanya baraza la kuwakumbuka waliokwenda vitani, nawe utakaa kiti cha mbele. Simama useme jina la Baba. Wale walioniita binti wa mchuma chai sasa wana watoto wao. Nataka wasikie.

Mtoto wako,
Selpher


Maragoli
4 Desemba 1983

Mwanangu Selpher,

Tunawasalimu. Goti linaendelea vizuri. Ndama dume amevunja ua mara tatu, nadhani tutamuuza kabla hajavunja kanisa.

Nilifanya ulivyosema. Siku ya baraza nilisimama mbele ya lokesheni nzima. Nikasema, "Mimi sikwenda Burma. Nilichuma chai Kericho. Aliyekwenda ni ndugu yangu Gordon Ambaro, kwa jina langu." Niliogopa, Selpher, kama siku ile ya ghala, lakini safari hii nilikuwa nje.

Kisha chifu akainuka, akaniwekea mkono begani. "Mmemwona askari wa kweli?" akasema. "Amefiwa na ndugu, anataka kumpa heshima yake yote! Nani kati yenu anaweza unyenyekevu huo?" Wakapiga makofi. Wanawake wakalia. Nikasema hapana, ni kweli, wakapiga makofi zaidi. Nilirudi nyumbani nikiwa shujaa kuliko nilivyoondoka, na nimechaguliwa tena mwenyekiti bila kupingwa.

Sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa fundi wa misalaba nikamwambia anichongee wa saruji kwa ajili ya baba yako. Nikampa maneno. Akakataa. Alisema hajawahi kuandika kaburini jina la mtu anayemlipa. Tulivutana mpaka adhuhuri. Sasa umesimama, herufi ni nyeusi, zinasomeka kutoka barabarani:

GORDON AMBARO
VITANI AKIITWA ZEDEKIAH MULAMA
ASKARI, BURMA

Kasoro yake ni kwamba kutoka barabarani watu husoma jina langu kwanza. Tangu Jumatatu wamekuja wanne kunililia. Kila mmoja namketisha, namweleza kisa toka kuku mweupe mpaka machela, na kwa kuwa alikuwa ameshaniweka kaburini, hana nguvu ya kubishana.

Jana alikuja Mama Rasoah wa ng'ambo ya mto, yule aliyekuwa anauza vyungu. Alianzia kulia barabarani. Alipiga magoti msalabani, akanisifu kwa Burma na kwa mambo mengi ambayo sikujua alikuwa ameyaona, nami nimesimama nyuma yake na kikombe cha chai, sijui nimkatize wapi. Mwishowe nikakohoa. Akageuka, akapiga yowe, akaangusha leso. Nilimpa chai yeye. Nikamweleza yote. Alikunywa polepole akiutazama ule msalaba.

"Kwa hiyo Gordon ndiye aliyekwenda," akasema.

"Ndiye."

Akaniuliza kama ni Gordon yule aliyelala pale, na si mwingine. Nikamwambia ni yeye. Akanirudishia kikombe, akafunga leso yake vizuri.

"Basi sikukosea kaburi," akasema. "Ngoja nimalizie." Akapiga magoti tena.

Baba yako mkubwa,
Zedekiah Mulama